Civic Inavyopigana na Pua Yake Yenyewe

Gari lolote likiondoka kwa nguvu, uzito unakimbilia nyuma. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hiyo ni neema, maana kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, ndivyo matairi yanayofanya kazi yanavyozidi kugandamizwa chini. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Honda Civic, ni balaa, hasa kwenye mbio za drag, ambako magari mawili hushindana kwenye njia mbili zilizonyooka. Unakanyaga, pua inainuka, matairi ya mbele yanapungukiwa na mzigo na kuanza kuzunguka bure, moshi unapanda, na mwenzako wa njia ya pili ameshakwenda zake.

Ndiyo maana rafiki yangu mmoja, Mkenya anayeipenda Subaru yake kuliko ndugu zake wa damu, haachi kunitania. "Kaka, hiyo Honda ni ya kupeleka watoto shule. Ukitaka mbio tafuta gari la kusukuma, au basi livute pande zote kama langu." Sote tunaishi Maryland, na bahati nzuri ni kwamba kila Novemba uwanja wa Maryland International Raceway, huko Budds Creek, una mashindano ya World Cup Finals, ambako magari ya nje hupambanishwa na ya Kimarekani. Nikampeleka. Subaru hakuiuza, lakini utani wake umepungua makali tangu aone Civic ndogo, ambayo ukiikuta Kariakoo usingeigeukia, ikimaliza mita 402 za mbio hizo kwa muda ambao gari lake linatumia kufika katikati tu.

Alichouliza siku ile ndicho kilichonifanya niandike haya. Hakuuliza injini ina nguvu kiasi gani, kama wanavyouliza wengi. Aliuliza: "Sasa hiyo nguvu yote inashikaje chini?"

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki kubishana. Chukua Civic ya milango mitatu ya mwaka 1992 hadi 1995, ile ambayo mashabiki wanaiita EG. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.57. Tuseme imevuliwa viti, mazulia na kila kisichohitajika, na ikiwa na dereva ndani inafika kilo 1,000. Tuseme pia asilimia 62 ya uzito huo iko mbele, kwa kuwa injini na gia boksi vyote vimekaa huko, na kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa gari unapopata mizani, kiko nusu mita kutoka ardhini. Si vipimo vya gari la mtu fulani, ila haviko mbali na hali halisi.

Uzito unaohama kwenda nyuma unapatikana hivi: uzito wa gari, zidisha kwa mchapuko (jinsi mwendo unavyoongezeka, ukipimwa kwa g), zidisha kwa kimo cha kitovu cha uzito, kisha gawanya kwa urefu wa kati ya ekseli. Basi. Angalia vitu ambavyo havimo kwenye hesabu hiyo, maana nitavirudia: springi hazimo, shokapu hazimo.

Weka matairi ya kawaida ya barabarani, yenye uwezo wa kuvuta kwa nguvu inayolingana na mzigo ulioyalalia. Kama uzito usingehama, Civic yetu ingeondoka kwa g 0.62, yaani asilimia 62 ya mchapuko wa jiwe linaloanguka. Lakini unahama, kiasi cha kilo 100, na gari linaishia g 0.52. Sasa vua hayo, vaa matairi laini ya mashindano yasiyo na kashata, yale ya sliki, na tuseme yanashika mara mbili. Ungetegemea gari litoke mara mbili. Halitoki. Linafika g 0.89. Kwa nini? Kwa sababu kadiri tairi linavyoshika ndivyo gari linavyochapuka, na kadiri linavyochapuka ndivyo uzito unavyolikimbia tairi hilohilo. Kilo 174 zimehamia nyuma, na magurudumu ya mbele yamebakiwa na kilo 446, chini ya nusu ya gari. Mafanikio yako yanakupunguzia nyenzo za kufanikiwa zaidi.

Linganisha na gari la vipimo hivyohivyo linalosukumwa nyuma, lenye asilimia 45 ya uzito huko nyuma. Kwa matairi ya kawaida linatoka kwa g 0.56, yaani limeizidi Civic kidogo tu. Livalishe sliki, linaruka hadi karibu g 1.5. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mtaani, kwa matairi ya mtaani, gari la kuvuta kwa mbele si mnyonge hata kidogo. Unyonge wake unaanza pale tairi na lami vinapokuwa vizuri, na uwanja wa mashindano ni mahali palipotengenezwa makusudi ili tairi na lami viwe vizuri.

Sasa nirudi kwenye springi, maana hapa ndipo nisipokubaliana na mafundi wengi, wa nyumbani na wa huku. Utasikia: funga springi ngumu nyuma, uzito hautahama. Si kweli. Uzito utahama hata ukichomelea ekseli ya nyuma kwenye bodi na usibakize springi hata moja. Pua kuinuka na uzito kuhama ni mambo mawili. Pua kuinuka ndiko kunakoonekana kwa macho, kwa hiyo watu wanapiga vita huko kuinuka, na wakishaona gari linaondoka limenyooka kama meza wanaamini wameuzuia uzito. Uzito umehama kimyakimya, kilo zilezile.

Hata hivyo, springi ngumu za nyuma zina kazi, tena kubwa, ila siyo hiyo. Mkia ukizama, pua inainuka, na pua ikiinuka sospensheni ya mbele inanyooka na magurudumu yanabadili mlalo wake. Tairi la sliki linataka kulala chini kwa upana wake wote. Likianza kusimama kwa bega moja umelipia inchi nane na unatumia tano. Juu ya hapo, ncha za mbele za magurudumu zinaanza kutazamana au kupeana mgongo, na kila moja linavuta upande wake. Kwa hiyo mafundi wanaojua kazi wanakaza nyuma, halafu mbele wanaweka kizuizi ili sospensheni isinyooke zaidi ya kipimo. Lengo ni gurudumu la mbele libaki katika pembe ileile tangu taa ya kijani hadi mwisho. Ukilijua lengo, unajua pia wakati wa kuacha kukaza. Usipolijua, utakaza mpaka gari lianze kurukaruka kama mpira, halafu utalaumu matairi.

Kwa gari la uzito uleule na mchapuko uleule, kinachopunguza kweli uzito unaohama ni vitu viwili tu ambavyo hesabu inavitaja: kimo na urefu. Kimo kina mwisho wake, maana huwezi kuzika injini ardhini. Urefu ndio wenye utamu.

Ukitazama Civic za mashindano kwa nyuma utaona vyuma viwili virefu vinavyotoka chini ya bampa kama mkia, na mwishoni mwake kuna vigurudumu vidogo. Ni wilibaa. Kwenye magari ya kusukuma vyuma hivyo huzuia gari lisisimame kwa miguu ya nyuma. Rafiki yangu alipoviona kwenye Civic alicheka: gari la kuvuta kwa mbele litasimamaje wima? Swali zuri. Haliwezi. Vyuma hivyo vina kazi nyingine kabisa. Badala ya gari kuegemea ekseli ya nyuma, linaegemea vile vigurudumu, ambavyo viko mbali zaidi. Kwa gari lile, ni kama umelirefusha bila kulikata.

Tuseme vigurudumu viko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na vimekazwa hadi vinabeba mzigo wote wa nyuma. Urefu wa kuegemea unatoka mita 2.57 hadi 3.77. Uzito unaohama unapungua kwa karibu theluthi kwa mchapuko uleule. Lakini kuna zawadi ya pili ambayo wengi hawaijui: hata gari likiwa limesimama tuli, sehemu ya uzito iliyokuwa nyuma sasa inasogezwa mbele, kwa sababu umeisogeza nguzo ya nyuma mbali na kitovu cha uzito. Asilimia 62 ya mbele inakuwa 74. Weka zote mbili kwenye hesabu na sliki zilezile, na g 0.89 inakuwa 1.17. Hujagusa injini. Katika uhalisia matairi ya nyuma hubakiwa na sehemu ya mzigo, kwa hiyo huipati yote hiyo, ila sasa unaelewa kwa nini wale ambao kanuni za daraja lao zinawaruhusu huzifunga wilibaa zikiwa tayari zimegandamiza lami kabla ya gari kuondoka, na kwa nini wanabishana nusu saa juu ya mzunguko mmoja wa boliti.

Halafu kuna risasi. Namaanisha madini ya risasi, vipande vya kuongeza uzito. Akili ya kawaida inasema gari la mbio liwe jepesi, na ni kweli, lakini Civic hizi unazikuta zimebeba vipande vya risasi puani. Kilo 40 zikifungwa mita 0.6 mbele ya ekseli ya mbele zinaongeza kilo 49 kwenye magurudumu ya mbele, kwa kuwa zinainua mkia kidogo na mkia unaachia kilo 9. Ndiyo maana pia tangi dogo la mafuta linahamishiwa nyuma ya bampa ya mbele, na betri inabaki mbele wakati mwenye gari la kusukuma angeikimbiza kwenye buti. Ukifungua buti la gari kama hili unakutana na bati tupu.

Waliokulia kwenye milima hawahitaji hesabu hii. Kibosho, mvua za masika zikishika, njia ya udongo mwekundu inakuwa sabuni. Corolla inapanda, inafika mahali magurudumu ya mbele yanaanza kuzunguka bure, matope yanaruka hadi kwenye vioo. Dereva mzoefu hagombani nayo. Anashuka taratibu hadi palipo pana, anageuza, na kuupanda mlima kinyumenyume, shingo ameikunja dirishani. Na gari linapanda! Nilipokuwa mdogo niliona ni uchawi wa dereva. Ni hesabu ileile ya kuhama kwa uzito: kwenye mteremko uzito unalalia ekseli iliyo chini, na ukipanda kinyumenyume ekseli iliyo chini ndiyo ya magurudumu yanayovuta. Zaidi ya hapo, kila unapokanyaga mafuta ukiwa kwenye gia ya kurudi nyuma, uzito unahamia upande wa injini. Kwa muda ule Corolla imekuwa gari la kusukuma.

Nilipomweleza rafiki yangu hivyo, akaniuliza kwa nini basi hawashindani kinyumenyume. Gia moja tu ya kurudi nyuma, nikamjibu, na shingo.

Mchezo huu wenyewe, kwa upande wa Honda, ulikulia kusini mwa California. Mwaka 1990 Frank Choi alianzisha Battle of the Imports kwenye uwanja wa Los Angeles County Raceway, Palmdale, jangwani, kwa ajili ya vijana wenye magari madogo ya Kijapani ambao kwenye mashindano ya kawaida walichekwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Honda ilikuwa imetoa injini ya B16A yenye lita 1.6 na nguvu za farasi 160, yaani 100 kwa kila lita bila turbo. Injini ikawa rahisi kupatikana, gari likawa jepesi na la bei nafuu, kilichobaki ni namna ya kuliondoa pale kwenye mstari. Stephan Papadakis alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiteremsha Civic chini ya sekunde 10, kabla hajahamia kwenye mashindano ya kudrifti, yale ya kutelezesha gari kwa ubavu. Leo magari ya kuvuta kwa mbele yanamaliza umbali huo kwa sekunde 7 na kitu. Uwanja wa Palmdale ulifungwa 2007.

Muda wanaouangalia kwa wasiwasi siyo ule wa mwisho. Ni wa futi 60 za mwanzo, yaani mita 18.3. Gari la mtaani linazikata kwa sekunde 2 na zaidi. Civic kali inazikata kwa sekunde 1 na kitu kidogo. Yote niliyosema juu ya uzito yanaamuliwa katika kipande hicho.

Simama karibu na mstari wa kuanzia utaelewa. Kwanza ni viatu vyako. Lami imepuliziwa gundi, na ukisimama kidogo soli inakataa kuachia. Nimeona mtu akibaki na soksi. Civic inasogea kwenye dimbwi dogo la maji, dereva anavuta breki ya mkono ili magurudumu ya nyuma yafungwe, kisha anayachoma matairi ya mbele mpaka moshi unafunika boneti. Hiyo siyo mbwembwe. Anayasafisha na kuyapasha moto mpira uwe wa kunata. Matairi ya nyuma ni membamba kama ya baiskeli, yamejazwa upepo hadi yamekakamaa, kazi yake ni kubingirika tu. Ya mbele ni ya rimu ndogo ya inchi 13, yamepunguzwa upepo hadi ubavu umelegea.

Anasogea kwenye taa. Injini inashikiliwa na kompyuta kwenye mizunguko fulani, ikipigapiga kama bunduki. Taa ya kijani inawaka, klachi inaachiwa, na hapo tazama ubavu wa tairi la mbele: unajikunja makunyanzi, unashika, na gari linachomoka bila moshi. Ukiona moshi ujue ameshashindwa. Likishika na kuachia, kushika na kuachia, gurudumu linaanza kuruka, unasikia mtikisiko kwenye nyayo za miguu yako, halafu mlio mmoja mkavu. Shafti, chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, imekatika. Ndiyo maana bushi za mpira zinang'olewa na mikono ya chini ya sospensheni inafungwa na fito zinazoizuia isiyumbe mbele na nyuma: sospensheni yenye mpira inalimbikiza nguvu na kuirudisha, na shafti ndiyo inayolipa.

Difu, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, nayo ina lake. Ya kawaida inapeleka nguvu upande ulio mwepesi kuzunguka, yaani upande ulioshindwa kushika, kwa hiyo inafungwa ile inayolazimisha magurudumu yote mawili yaende pamoja. Usukani baada ya hapo unakuwa wa kupigana nao. Dereva mmoja aliyekuwa akifunga boliti zake aliniambia mikono ndiyo inayomchoka, miguu haina kazi kubwa.

Na nguvu yenyewe? Hapa ndipo uungwana wa mchezo huu ulipo, kwa maoni yangu. Injini yenye turbo ambayo ingeweza kutoa nguvu zaidi ya 1,000 haizitoi mwanzoni. Kompyuta inaipa turbo presha ndogo kwenye gia ya kwanza, inaongeza ya pili, na kuifungulia kadiri gari linavyoendelea mbele. Sababu iko kwenye hesabu yetu: ukiwa na mwendo mkubwa, kwa nguvu ileile ya injini, msukumo kwenye magurudumu unapungua, mchapuko unapungua, uzito unarudi mbele, na tairi linaweza kupokea zaidi. Dereva wa gari la kusukuma anaweza kutupa karata zote mezani mwanzoni. Wa Civic anazitoa moja moja, na fundi aliyeandika mpangilio huo kwenye kompyuta anastahili nusu ya kombe. Mtu anayejisifia nguvu za injini yake bila kukwambia presha ya gia ya kwanza hajakwambia kitu.

Sehemu ya hatari, ambayo watazamaji hawaioni kwa sababu wameshageuza macho kwenye ubao wa muda, iko baada ya mstari wa mwisho. Kwa mita zote 402 dereva ameulilia uzito uje mbele. Sasa anaondoa mguu kwenye mafuta na uzito wote unakuja kwa mkupuo. Nyuma kunabaki bati tupu juu ya matairi membamba, mbele injini inavuta breki, na mkia ukianza kuvuka hakuna kitu cha kuushika. Ndiyo maana wengine hufungua parachuti kabla hawajaachia mafuta: linavuta mkia nyuma na kulinyoosha gari, mbele kukiwa bado kunavuta. Rafiki yangu alipoona hilo ndipo alipouliza bei ya Civic ya 1994. Nikamwambia aulize kwanza bei ya shafti.